Kumfuata Bibi Wadley Hadi Mto Brazos

Tangu nirudi Kitale, kila ninayekutana naye kati yenu, iwe getini mwa shule au kwa fundi viatu, ananishika mkono na kuniuliza, "Mwalimu Nekesa, ulimpata huyo mama yako?" Naanza kueleza, kengele inalia, tunaachana katikati. Nimechoka kuwaacha watu njiani. Kwa hiyo Jumapili hii nimefunga mlango, nimeweka chai ya kutosha kwenye chupa, na nitaandika yote mara moja. Mambo ya viza na tiketi nimeyaruka. Hayana utamu.

Kwa ajili ya Rukia, aliyejiunga na kikundi chetu cha kusoma nikiwa nimeshaondoka, nianze na mama mwenyewe. Aliitwa Thankful Wadley. Alizaliwa kaskazini mashariki mwa Marekani, nchi hiyo ikiwa bado changa, baba yake akisokota kamba za meli. Aliolewa, mumewe akafa kwa homa, akabaki na mtoto mmoja wa kiume na meza ya jikoni. Kwenye meza hiyo akaanza kuandika riwaya za kihistoria wakati ambapo Wamarekani wengi waliamini nchi yao haina historia ya kuandikiwa riwaya. Kitabu chake cha kwanza hakikuwa hata na jina lake. Kiliandikwa tu kwamba kimetungwa na Bibi Mmoja, na wasomaji wakabishana ni mchungaji gani aliyejificha nyuma ya bibi huyo.

Kitabu hicho ni "Kivuko cha Keziah", ambacho nilikikuta bila jalada katika sanduku la vitabu vya msaada shuleni kwetu. Keziah ni mjane anayevusha watu mtoni kwa mashua yake wakati wa vita kati ya walowezi na wenyeji wa asili. Anavusha yeyote anayekimbia, wa upande wowote, na pande zote mbili zinaapa kumuua. Katika ukurasa wa mwisho anaingia kwenye ukungu na mashua iliyojaa akina mama na watoto wa wenyeji, na mwandishi anatuacha hapo. Nimekitafsiri sura kwa sura na kuwasomea Jumamosi chumbani mwa walimu. Sura ya mwisho niliiacha. Utangulizi ulidokeza kwamba Bibi Wadley alihamia Texas uzeeni, akaandika kitabu kimoja zaidi ambacho wachache wamekiona, na kwamba humo Keziah anaonekana tena. Ningewezaje kuifunga hadithi yake bila kujua alikofika?

Nakala moja ya kitabu hicho imehifadhiwa Fort Worth. Dada yangu anaishi DeSoto, karibu na hapo. Basi.

Kitale hadi DeSoto

Safari ya ndege ilikwenda vizuri mpaka tulipokaribia kufika. Juu ya Dallas rubani akatangaza mvua ya mawe. Tukazunguka, tukazunguka tena, halafu tukapelekwa kutua katika mji mwingine ambao jina lake sikulishika, tukaambiwa tukae vitini mwetu tungoje. Mama mmoja jirani yangu alitoa biskuti kwenye mkoba akatugawia safu nzima kana kwamba tuko matangani. Alipouliza naja Texas kufanya nini, nikamwambia namtafuta mwandishi. "Anajua unakuja?" akauliza. Nikamjibu kwamba alishakufa zamani sana, zamani za watumwa. Akanirudishia tabasamu la adabu, akavaa visikilizio vyake.

Tulipofika hatimaye, koo langu lilikuwa limekauka. Nikaagiza chai pale uwanjani. Nililetewa glasi kubwa kuliko jagi letu la nyumbani, imejaa barafu, na ndani yake chai tamu kama sharubati. Nilimwita mhudumu nikamwambia chai yangu imepoa. Aliniangalia kwa huruma, akaongeza barafu.

Dada Naomi alinikuta hapo nikihangaika na mrija. Alikuwa bado na nguo zake za uuguzi, maana alitoka kazini moja kwa moja. Tulilia kidogo, tukacheka, tukaingia garini. Kwake DeSoto nilikuta ugali, sukuma wiki ya majani mapana magumu ya huko, na samaki wa kukaanga. Binti zake wawili walinikumbatia kwa furaha. Kila nilichowauliza kwa Kiswahili walikielewa, na kila walichonijibu kwa Kiingereza nilikielewa mimi. Tukaendelea hivyo kama watu wawili wanaorushiana mpira juu ya ukuta.

Nilipomweleza Naomi mpango wangu, aliweka tonge chini.

"Yaani Neke, umevuka bahari kuja kutafuta kaburi la mzungu? Hata la kukhu, nyanya yetu mwenyewe, bado hujalipalilia mwaka huu."

"Si kaburi kwanza. Kitabu kwanza."

"Nime-request off siku kadhaa niwe na wewe. Nilitaka nikupeleke kanisani wakuone, tuende madukani, upumzike. Sasa wewe unataka maktaba?"

Hakukasirika sana, ila aliumia, na niliona. Tulikubaliana kwamba Jumapili yote ni yake. Nilisimamishwa mbele ya kanisa la Wakenya nikasalimia, nikala pilau na watu waliotoka Nyeri, Kisii na Bungoma, nikapigwa picha na karibu kila mtu. Na ni hapo, kwenye mstari wa chakula, Naomi alinipatia dereva.

DeSoto hadi Fort Worth

Huko bila gari huendi popote, na Naomi siku ya maktaba alikuwa kazini. Dereva alikuwa Mkongo wa Uvira, mtu wa makamo, mpole, anayefanya kazi katika ghala la bidhaa, na siku za mapumziko huwapeleka watu wa kanisa wanakotaka. Mkewe alikuwa ametufungia sombe, kisamvu cha kwao, na wali kwenye bakuli, maana alisikia mgeni anakwenda kusoma siku nzima, na kwake kusoma ni kazi ya kutia njaa.

"Mama mwalimu," akaniuliza barabarani, "ule mama tunaenda kuona, jina yake njo nani?"

"Thankful. Kwa Kiswahili ni kama kusema Shukuru."

Aligeuka akanitazama mpaka nikaogopa kwa ajili ya barabara. "Shukuru njo jina yangu! Njo homonyme yangu!" Yaani somo yake. Alifurahi mno. Njia nzima akawa anauliza habari za somo yake, alizaa watoto wangapi, alikuwa mtu wa kusali, kitabu chake kinasema nini. Nikamsimulia Keziah na mashua yake kuanzia mwanzo. Alisikiliza, na tulipofika kwenye ukungu tayari tulikuwa tumeegesha.

Maktabani kilinipata kituko. Chumba cha vitabu adimu kilikuwa na binti mhifadhi mwenye mchoro wa ndege mkononi. Kwa haraka yangu nikamwambia, "Nimekuja kwa ajili ya Thankful." Akaweka mkono kifuani akasema, "Na sisi pia tunashukuru umekuja." Nikarudia. Akarudia. Ilibidi nitaje Wadley ndipo tukaelewana, naye akacheka mpaka akafuta machozi. Alinipokonya kalamu ya wino, akanipa penseli, akanielekeza ninawe mikono, kisha akakileta kitabu kimelazwa juu ya mto mdogo kama mtoto mchanga.

Kilikuwa chembamba, karatasi zake zina madoa ya maji. Kinaitwa "Nyumba ya Mtoni". Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilitaka kuruka kurasa nimtafute Keziah, lakini nikajizuia nikaanza mwanzo.

Lugha ni ile ile yake, nzuri, ya kukuonyesha kitu mpaka ukakiona. Mto Brazos, pamba, joto. Na katika sura za katikati, Keziah huyo anatokea. Alifika! Wale akina mama alikuwa amewafikisha salama, anasema kwa sentensi moja tu, kama jambo lisilo na uzito. Sasa ni mzee, ana mashua mpya kwenye mto mpya, karibu na shamba la pamba la mwanawe. Alfajiri moja anakuja mtu mweusi, nyayo zimechanika, anaomba avushwe. Anataka kwenda Mexico, ambako watu hawamilikiwi. Keziah anamkaribisha. Anampa mkate na maziwa. Anamwosha miguu. Na mtu yule akiwa anakula, anamtuma mjakazi shambani kumwita bwana anayemmiliki mtu huyo.

Nilisoma ukurasa ule tena, nikidhani Kiingereza cha zamani kimenichanganya. Haikuwa hivyo. Wanakuja na farasi, wanamfunga, na mwandishi anamsifu Keziah kwa kurasa mbili nzima, kwamba mwanamke aliyewahi kuvunja sheria kwa ujana sasa ameijua haki. Mwishoni kuna maelezo mafupi ya mchapishaji kuhusu Bibi Wadley mwenyewe, kwamba alikuwa mama mwema wa shamba na watumwa wake walimpenda.

Binti mhifadhi alikuja kuniuliza kama najisikia vizuri. Nilimrudishia kitabu kabla saa ya kufunga haijakaribia.

Shukuru alikuwa amekaa garini, mlango wazi, anakula sombe. Alinipa bakuli langu. Sikuweza kumeza. Nikamweleza yote, na nikamwambia kazi yangu ya miaka imekwisha. Ningewarudisha vipi watu kwa Keziah, nikijua aliyemuumba aliishia kumtuma aite minyororo? Nikasema nitaitupa tafsiri.

Alimaliza kula kwanza, akafunika bakuli.

"Mama, siye tulitoka kwetu wakati ya vita. Tulifika mto Ruzizi, maji mingi, bibi yangu iko na mimba. Kulikuwa baba mmoja na mutumbwi. Hakutuomba kitu. Alituvusha Burundi, alirudi kuvusha bengine. Mutoto wetu wa kwanza alizaliwa muzima juu ya wema ya ule baba."

"Mungu ambariki."

"Ngoja. Kisha, tukiwa kambini, tulisikia ule baba aliingia kwa bale ba bunduki. Alichoma mitaa. Watu benye tulijua." Alitazama nje, magari yakipita. "Sasa mi nifanye nini? Niseme hakutuvusha? Alituvusha. Niseme ni muzuri? Hapana. Bibi yangu anamuombea na anamulaani. Siku moja, byote bibili."

Nikafunga mkanda wangu. Alipowasha gari aliongeza tu, "Homonyme yangu alikuwa mubaya, kweli. Lakini hii sombe usirudishe nyumbani, bibi yangu atakasirika." Nikaila yote, barabarani, kwa vidole.

Basi la kwenda Houston

Kaburi la Bibi Wadley liko kusini magharibi mwa Houston. Nilikuwa nimepanga kulizuru, na sasa sikutaka tena. Naomi ndiye aliyenisukuma, bila kujua. Sikuwa nimemwambia niliyoyasoma. Nilimwambia tu kitabu kilinihuzunisha. Alikuwa ameshampigia rafiki yake wa Stafford, kando ya Houston, Mama Kevin, kuwa nitalala kwake, na yeye angenifuata kwa gari siku yake ya mapumziko. "Umeshakuja mbali hivi," akasema. "Nenda ummalize huyo mzungu, urudi ukae na mimi."

Nikapanda basi. Nusu ya njia, kipoza hewa kikafa. Madirisha ya basi hilo hayafunguki. Dereva akatuegesha mbele ya kituo kikubwa cha mafuta, akasema gari jingine linakuja, na kila alipoulizwa linakuja lini akasema linakuja. Tukakaa kivulini ukutani, wageni tuliofanywa ndugu na joto. Wauzaji wa ndani walikuwa na nyama ya ng'ombe iliyoivishwa kwa moshi siku nzima, laini kiasi kwamba haihitaji meno. Nilikula nikajisahau.

Kando yangu alikaa mzee wa kizungu mwenye kofia pana. Alikuwa na kipande cha keki ya njugu, akanikatia nusu kwa kisu cha mfukoni. Akaniuliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia Thankful Wadley, mwandishi.

Akafikiri kwa bidii. "Kuna mtaa wa Wadley kwa daktari wangu wa meno," akasema. "Sikujua alikuwa mwanamke. Aliandika nini?"

Nikamwambia kitabu cha kwanza. Nikasita, kisha nikamwambia na cha mwisho. Niliona uso wake ukibadilika, nikajiandaa kwa mabishano.

"Mimi nimezaliwa hapa," akasema polepole. "Shuleni walitufundisha vita vyote na majenerali wote. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba watu walitoroka kwenda Mexico. Walikuwa wengi?"

"Sijui," nikasema.

"Itabidi uulize," akasema, akanipa nusu ya nusu iliyobaki. Basi lilipokuja tulikaa mbalimbali, ila swali lake nililibeba. Mpaka wakati ule nilikuwa nimemfikiria Bibi Wadley, na Keziah, na mimi mwenyewe na kazi yangu. Yule mtu wa nyayo zilizochanika hata jina nilikuwa sijamtafutia.

Stafford hadi mtoni

Mama Kevin alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanipikia githeri ya maharagwe ya mkebe akiomba radhi kila kijiko. Naomi alifika asubuhi ya pili yake akiwa na shada kubwa la maua ya manjano kutoka dukani.

"Haya ni ya nini?"

"Mtu haendi makaburini mikono mitupu. Hata kama ni mzungu."

Ningeweza kumweleza pale pale. Lakini alikuwa ameendesha gari tangu kabla ya mapambazuko, na maua yalikuwa mazuri, nikanyamaza. Tuliacha nyumba za Stafford nyuma, tukapita mashamba yanayogeuzwa mitaa, mpaka njia ya changarawe ikaishia penye uzio wa chuma uliochongwa majani na mizabibu. Ndani yake mawe meupe. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko yote: Thankful Wadley, mama na mtunzi.

Naomi akaanza kutafuta mlango wa uzio, maua kifuani. Nyuma yetu sauti ikasema:

"Mnayapeleka upande usio wenyewe."

Alikuwa mama mweusi wa Kimarekani, mtu mzima mwenye mabega mapana, glavu za bustani mikononi, reki begani. Nje ya uzio, mahali nilipodhani ni kichaka tu, palikuwa pamefyekwa nusu. Nikaona sasa kwamba ardhi ilikuwa na mabonde madogo madogo, mengi, yamepangwa. Hapakuwa na mawe. Hapa na pale kulikuwa na kipande cha chungu, au chupa iliyozikwa kichwa chini.

"Nyinyi ni wa ukoo wa Wadley?" akauliza, na midomo yake ilitaka kucheka.

Naomi akamwambia sisi ni Wakenya, na kwamba mdogo wake, yaani mimi, ni shabiki wa mwandishi. Nilitamani ardhi inimeze. Mama yule akasema anaitwa Odessa, na watu wake wamelala pale chini ya miguu yetu, na akina mama wa kanisa lake huja kufyeka, ila leo mwenzake anaumwa mgongo.

"Umesoma vitabu vyake?" akaniuliza.

"Cha kwanza nimekitafsiri kwa Kiswahili. Cha mwisho nimekisoma wiki hii."

"Ahaa," akasema Odessa. "Basi umekutana na Isom."

Sikuelewa. Akaegemea reki yake akanieleza, na Naomi akabaki amesimama na maua yake, akisikia kila kitu kwa mara ya kwanza.

Isom alikuwa mtumwa wa nyumba ya Wadley, babu wa babu yake Odessa. Alitoroka. Kwao habari hii imesimuliwa kutoka mzazi hadi mtoto bila kukatika. Hakuna aliyemvusha. Aliteremka mtoni asubuhi wakati watu wa nyumba wakiwa kwenye sala, akaogelea, na baada ya mto huo akavuka mingine, mpaka akafika Mexico. Huko akajifunza kazi ya kushona matandiko ya farasi. Uhuru ulipotangazwa alirudi kumchukua mama yake, akamkuta hawezi tena kutembea, akabaki naye. Kaburi lake ni lile pale, lenye kipande cha chuma cha plau kilichosimikwa.

"Lakini kitabuni alikamatwa," nikasema.

"Nilikwenda Fort Worth nikakisoma. Nilivaa nguo zangu za kanisani, nikanawa mikono kama walivyosema, nikasoma kila neno." Odessa alivua glavu moja. "Mwaka mzima walimtafuta na mbwa, hawakumpata. Yule mama akakaa kwenye meza yake akaandika kitabu ambamo amepatikana. Alishindwa kumkamata mtoni, akamkamata kwenye karatasi. Na hakuweza hata kumwachia miguu mizima."

Naomi alipita mbele yangu. Alimpa Odessa maua yale kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa kitu, akasema kwa Kiingereza, "Samahani, mama. Sikujua." Halafu akanigeukia kwa Kibukusu akaniambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kuhusu watu wanaowaacha dada zao waaibike na maua.

Odessa aliyapokea, akayaweka kwenye chuma cha plau. "Kulungu watakuwa wameyala kesho," akasema. "Si neno. Isom atapenda kuwaona kulungu." Kisha akampa Naomi reki, na mimi akanionyesha panga.

Tulifyeka mpaka jua likawa kali. Dada yangu, mwenye viatu vyake vyeupe vya hospitali, alifanya kazi kuliko mimi. Yeye na Odessa walikuwa wameshaanza kuzungumza magonjwa ya magoti. Tulipopumzika nikamuuliza Odessa lililokuwa likinisumbua. Niitupe tafsiri yangu?

"Kile cha kwanza ni kizuri?"

Nilitaka kusema uongo. "Ni kizuri sana."

"Nilijua. Nilikisoma nikiwa msichana, kabla sijajua ameandika kingine. Nilimpenda yule mwanamke na mashua yake." Alikunywa maji. "Sikuambii uache, wala sikuambii uendelee. Mimi si mwalimu wako. Ila watu wako huko, wakimaliza kusoma, wataambiwa alikuja kuishi hapa?"

"Wataambiwa."

"Wataambiwa Isom alifika?"

"Kwa maneno yako mwenyewe, ukiniruhusu."

Alifunga chupa yake ya maji. Kisha akasimama akatupeleka mtoni. Nilikuwa nimeutarajia mto mkubwa wa kitabuni, wa kuzama na kupotea. Brazos ni wa udongo, wa rangi ya chai ya maziwa, na siku ile haukuwa mpana. Ng'ombe wa ng'ambo walitutazama na tuliziona hata kope zao. Naomi hajui kuogelea, alisimama mbali na ukingo. Odessa akasema kuna jambo moja tu ambalo Isom mwenyewe aliwasimulia wajukuu. Alivaa siku ile viatu alivyopewa na Bibi Wadley, viatu vizuri vya kuhudumia mezani. Alivivua hapa, akavipanga sawasawa ukingoni, ncha zikitazama nyumba, ili asubuhi hiyo hiyo wajue alikwenda akiwa na akili zake timamu.

Kurudi

Siku zilizobaki nilimpa Naomi zote. Tulikwenda madukani, nikanunuliwa koti ambalo Kitale halina kazi. Tulilala mchana chumba kimoja kama zamani, tukiongea mpaka mmoja wetu anakoroma. Siku moja jikoni nilimsikia akiwasimulia binti zake habari za Isom kwa Kiswahili, taratibu, na yule mdogo akauliza swali kwa Kiswahili pia, kimevunjika lakini chake. Naomi akageukia sufuria. Alimwaga chumvi mara mbili kwenye mboga.

Kazi imekwisha sasa. Sura ya mwisho nimeitafsiri kama ilivyo, Keziah akiingia kwenye ukungu. Sikubadilisha hata nukta. Baada yake nimeandika maisha ya Bibi Wadley yote, na meza ya jikoni, na shamba la pamba, na kitabu kile cha mwisho. Kisha habari ya Isom, kama Odessa alivyoisema.

Kabla sijawapa nyinyi, nilimpigia simu. Huku jioni, kwake ndiyo kwanza amekunywa kahawa. Nilikuwa nimeshampelekea kwa Kiingereza na ameshakubali, ila alisema anataka kuisikia katika lugha itakayosomwa. Nikamwonya kwamba hataelewa neno. "Soma tu," akasema.

Nikasoma. Upande wa pili nilisikia saa ya ukutani kwake. Kila nilipotaja jina la babu yake aliguna kidogo, kama watu wanavyoitikia kanisani. Nilipofika mwishoni, pale ninapomwambia msomaji habari hii asiifiche, aisome na aisimulie, Odessa akaguna tena.

"Hapo pia umemtaja," akasema.

"Hapana, mama. Hapo nimesema 'aisome'. Ni neno letu la kumwambia mtu asome kitu."

"Lakini nimemsikia. Yumo ndani yake."

Nikalitazama lile neno kwenye karatasi, herufi kwa herufi: a, Isom, e. Miaka yote hii ya kufundisha sijawahi kuliona.

"Yumo," nikakubali.

Alicheka, cheko la chini la mtu aliyeshika kikombe cha moto. "Basi mwache hapo," akasema. "Endelea."